Rusizi inapoingia ziwani: pumzika, lakini ulizia maji kwanza

BUJUMBURA. Mfanyabiashara anayetoka hapa kwenda Uvira huvuka daraja la Rusizi macho yakiwa kwenye mzigo na akili ikiwa forodhani. Wachache hugeuka kushoto. Huko ndiko mto unakoingia Ziwa Tanganyika, na kati ya matete na mchanga kuna utulivu usiopatikana mjini, ingawa mji hauko mbali.

Rusizi hutoka Ziwa Kivu, pale Bukavu, na hushuka karibu mita 700 kabla ya kufika hapa. Tope linalobebwa njiani ndilo lililojenga delta hii, ambayo leo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Rusizi. Wageni huja kutazama ndege, viboko na mamba.

Hapa si mahali pa kuoga. Mdomo wa mto ni makazi ya mamba, na kiboko akikuta mtu amesimama kati yake na maji, hana subira. Nenda na mwongozaji wa hifadhi. Hata kwenye fukwe za mjini, jioni viboko hutoka kula majani, kwa hiyo jua likizama, ondoka.

Lakini jambo linalomgusa zaidi mfanyabiashara ni maji yenyewe. Aprili 2020 mto ulivunja kingo na maelfu ya watu wa Gatumba wakakimbia nyumba zao. Mwaka 2024 ziwa lilipanda tena, likameza nyumba, mashamba na sehemu za ufukwe.

Sababu moja ni umbile la ziwa. Mito mingi huingia, lakini mto unaotoa maji ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo karibu na Kalemie. Mvua ikizidi miaka kadhaa mfululizo, maji hupanda na huchukua muda mrefu kushuka.

Kwa hiyo mchanga ulioukalia mwaka jana huenda leo uko chini ya maji, na barabara inayopitisha mzigo wako iko kwenye bonde lilelile. Wakati wa masika, kabla ya kupakia, waulize madereva waliotoka Gatumba siku hiyo hali ya njia na ya mpaka.

Wakikuambia kukavu, na lori limechelewa, tenga saa moja ukauone mto huu. Umeuvuka mara nyingi bila kuutazama.