Karatasi za Nyumba

Siku hizi katika vikundi vyetu vya kuweka na kukopa hatukosi kusikia habari za mwenzetu aliyejenga vyumba vya kupangisha. Mmoja ana viwili Mbagala, mwingine amenunua kiwanja Kibaha. Tunafurahi nao. Ila tumeona kwamba saruji na mabati tunavihesabu vizuri, lakini karatasi tunamwachia baba, naye baba huziweka mahali asipopakumbuka mwenyewe.

Tuanze na mkopo. Benki ikikopesha kwa rehani, marejesho yakishindikana nyumba inauzwa. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani pasipo ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inaidai ridhaa hiyo katika rehani. Kwa hiyo baba anapoleta fomu usiku na kusema, "Mama Neema, tia saini hapa tu," si utovu wa adabu kumwuliza: Baba Neema, ni kiasi gani? Tutarejesha kutoka wapi? Wapangaji wakihama miezi mitatu itakuwaje? Sisi tunaona biashara isiyojulikana faida yake isibebwe na nyumba wanamolala watoto.

Lakini angalia: nyumba ya ndoa ni ile mnayoishi pamoja. Vile vyumba vya wapangaji mtaa wa pili ni jambo jingine. Ndiyo maana tunashauri hati iandikwe majina yenu wawili tangu kiwanja kinaponunuliwa.

Siku ya kuuza ndipo wengi hushtuka. Mkazi wa nchi akiuza kiwanja au nyumba ya kupangisha hulipa kodi ya asilimia 10 ya faida, na huilipa kabla hati haijabadilishwa jina. Faida ni bei ya kuuzia ukiondoa gharama zako. Asiye na kumbukumbu za gharama aliwekewa njia nyingine na Sheria ya Fedha ya 2023: asilimia 3 ya bei yote, au ya thamani iliyothibitishwa ikiwa ni kubwa kuliko bei.

Tuseme kiwanja kilinunuliwa Sh. 10,000,000, ujenzi ukala Sh. 50,000,000, na nyumba imeuzwa Sh. 70,000,000. Mwenye karatasi anaonyesha faida ya Sh. 10,000,000, analipa Sh. 1,000,000. Asiye nazo analipa asilimia 3 ya Sh. 70,000,000, yaani Sh. 2,100,000. Hiyo milioni moja na laki moja iliyozidi ni ada ya mtoto! (Nyumba yenu wenyewe, mkiwa mmeimiliki na kuishi humo miaka mitatu au zaidi, haitozwi kodi hii iwapo faida haizidi Sh. 15,000,000.)

Basi tafuta bahasha kubwa. Tia humo mkataba wa kununulia kiwanja, risiti za saruji, nondo na mabati, na makubaliano na fundi yenye saini yake, hata kama ni fundi wa jirani. Risiti za mashine wino wake hufifia upesi. Zitolee nakala wiki ileile.