Ifunge Hati ya Shamba Kabla ya Kuipeleka Mtandaoni

Tangu sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iwatambue wachache wenye madai rasmi na kuwaacha wengi wakilima bila karatasi, familia za Kilifi na Malindi zimejua kwamba mwenye hati ndiye anayesikizwa. Kwa hiyo anayepiga picha hati yake, kitambulisho na cheti cha PIN ya KRA, kisha akazihifadhi kwenye Google Drive, amefanya jambo la busara: nyumba ya makuti ikishika moto, nakala zipo. Lakini nakala hizo zikiwa pamoja ni hazina kwa tapeli wa ardhi, maana stakabadhi hizo hizo ndizo huambatanishwa shamba linapouzwa. Naye hahitaji ujuzi mkubwa. Akaunti iliyoachwa wazi kwenye kompyuta ya saiba inamtosha.

Wapo watakaosema kampuni tayari husimba faili zetu. Ni kweli, ila kwa kawaida ufunguo hubaki kwa kampuni, na aingiaye kwa nywila yako huona kila kitu kama wewe. Tena kinga ya kupewa yaweza kuondolewa: Februari 2025 Apple iliacha kuwapa watumiaji wa Uingereza kinga yake kali zaidi ya iCloud. Faili uliyoisimba mwenyewe kabla ya kuipakia haitegemei uamuzi wa mtu mwingine. Hata Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inautambua uzito wa kusimba: data ikivuja, Kamishna wa Data huarifiwa ndani ya saa 72, lakini wenye data huenda wasilazimike kuarifiwa ikiwa ilikuwa imesimbwa ipasavyo.

Hoja nzito zaidi ni ya kusahau nywila, kwani hapo hakuna ofisi ya kukufungulia. Jibu ni karatasi: iandike, uiweke salama nje ya nyumba yenye hati, na mrithi ajue. Programu za kusimba za 7-Zip na Cryptomator hupatikana bure kwa kompyuta. Katika 7-Zip, chagua kuficha majina ya faili pia. Jihadhari na simu inayopakia picha yenyewe, kwani nakala iliyo wazi hutangulia mtandaoni kabla hujaifunga. Ifute, na kwenye pipa la taka pia. Wazee mnaosaidiwa kompyuta na vijana wenu, waombeni wawafungie hati hizo wiki hii, lakini nywila itungeni wenyewe.