Kutoka Jukwaa la Muziki hadi Ubunge wa Mikumi

Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ina majimbo mawili ya uchaguzi, yaani maeneo ambayo kila moja humchagua mbunge wake: Kilosa na Mikumi. Mwaka 2015 wapiga kura wa Mikumi walimchagua Joseph Haule, msanii ajulikanaye kama Profesa Jay, kupitia CHADEMA, chama kilichokuwa kimeungana na vyama vingine vya upinzani katika UKAWA, umoja ulioachiana majimbo ili kura zisigawanyike.

Haule alianza katika kundi la Hard Blasters, kisha mwaka 2001 akatoa albamu yake ya Machozi, Jasho na Damu, yenye wimbo "Ndiyo Mzee", unaokosoa wanasiasa wanaomwaga ahadi zisizotekelezeka huku wasikilizaji wakiitikia bila kuhoji. Hivyo, alipoomba kura, alikubali kupimwa kwa kipimo alichokiweka mwenyewe.

Mwaka 2020 kiti hicho kilikwenda kwa Dennis Londo wa CCM. Umaarufu humfungulia mgombea mlango, lakini ni wajibu wa wananchi kuzihoji ahadi za kila mgombea, awe msanii au mwanasiasa mkongwe.