Makubaliano ya kukiri kosa

Makubaliano ya kukiri kosa ni mapatano kati ya upande wa mashtaka na mshtakiwa katika kesi ya jinai. Mshtakiwa anakubali kukiri kosa, naye mwendesha mashtaka anampa nafuu fulani, kwa mfano kumshtaki kwa kosa dogo zaidi au kuondoa baadhi ya mashtaka. Kesi humalizika bila mashahidi kuitwa.

Utaratibu huu umeenea sana nchini Marekani, ambako kesi nyingi za jinai huisha kwa njia hii. Mwaka 1970, katika kesi ya Brady dhidi ya Marekani, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba mtu aliyekiri kwa kuogopa adhabu kali zaidi hahesabiwi kuwa amelazimishwa kwa sababu hiyo tu. Kenya iliuingiza katika sheria yake mwaka 2008. Tanzania Bara ilifuata mwaka 2019, Bunge lilipoongeza vifungu 194A hadi 194H katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai.

Kazi ya mwendesha mashtaka

Nchini Tanzania majadiliano yanaweza kuanzishwa na mshtakiwa, wakili wake au mwendesha mashtaka, wakati wowote kabla ya hukumu, na mahakama hujulishwa. Inapowezekana, mwendesha mashtaka huzungumza kwanza na mwathirika au mpelelezi. Makubaliano huandikwa, na yanaweza kuwa na sharti la kulipa fidia, kurudisha mali au kutaifishwa kwa mali iliyotokana na kosa.

Tuseme mweka hazina wa chama cha ushirika ameshtakiwa kwa wizi, kughushi na utakatishaji fedha. Anaweza kukiri wizi na kurudisha fedha, na mashtaka mengine yakaondolewa. Wanachama wanapata fedha zao mapema, lakini ushahidi wa kughushi hausikilizwi kamwe.

Si kila kosa linajadiliwa. Sheria ya Tanzania inaondoa, miongoni mwa mengine, uhaini, ugaidi na makosa ya kujamiiana yanayohusu watoto. Kenya inaondoa makosa ya kujamiiana, mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Kazi ya mahakama

Mahakama hairuhusiwi kushiriki majadiliano. Sababu yake ni wazi: hakimu aliyesaidia kupanga bei hawezi tena kuikagua. Kazi yake huanza makubaliano yanapoletwa kusajiliwa. Hapo mshtakiwa huapishwa na kuelezwa haki anazoziacha, yaani kudhaniwa hana hatia, kukaa kimya na kusikilizwa kesi nzima. Anaelezwa pia kwamba atabaki na rufaa dhidi ya ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Mahakama ikiridhika kwamba amekubali kwa hiari na akili timamu, humtia hatiani. Vinginevyo inaweza kuyakataa makubaliano. Yakipatikana kwa udanganyifu, yanaweza kuombwa yatenguliwe hata baadaye.

Ukosoaji

Neno "hiari" ndilo lenye ugumu. Septemba 2019 Rais John Magufuli alitoa siku 7, akaziongeza baadaye, kwa watuhumiwa wa uhujumu uchumi kukiri na kurudisha fedha. Mkurugenzi wa Mashtaka wa wakati huo, Biswalo Mganga, alitangaza kwamba washtakiwa 467 walikuwa tayari kurejesha zaidi ya shilingi bilioni 107. Wengi walikuwa mahabusu. Shitaka la utakatishaji fedha halikuwa na dhamana, hivyo aliyekana angeweza kukaa gerezani miaka mingi akisubiri upelelezi. Mwandishi wa habari Erick Kabendera, aliyekamatwa Julai 2019, aliachiwa Februari 2020 baada ya kukiri ukwepaji kodi na utakatishaji fedha na kuamriwa kulipa mamilioni ya shilingi.

Maswali anayouliza hakimu chini ya kiapo hayagusi hali hiyo kwa urahisi. Mshtakiwa anayetaka kurudi nyumbani jioni ile atajibu kwamba amekubali kwa hiari yake.