Dende asikose majani mabichi, hata wakati wa kiangazi



Kila kiangazi swali ni lilelile: "Dende zangu zilikuwa kumi, sasa zimebaki nne. Hazikuharisha, mbwa hakuingia. Ni nini?" Wengine wanasema ni baridi ya usiku, wengine wanamshuku jirani. Lakini mara nyingi chanzo kiko katika chakula, na mfugaji anaweza kukirekebisha mwenyewe bila kununua kitu.

Si jambo dogo. Katika Kivu Kusini familia nyingi zilipoteza ng'ombe na mbuzi wakati wa vita, zikabaki na dende. Dende anafugwa jikoni, hahitaji malisho makubwa, na ukilazimika kukimbia unambeba ndani ya kitunga. Ni nyama ya watoto, na ni daftari na kalamu shule zinapofunguliwa. Dende wakiisha mwezi wa nane, mwezi wa tisa mama atauza nini?

Kwa nini dende wanakufa majani yakikauka?

Ng'ombe, mbuzi na kuku wanajitengenezea vitamini C ndani ya mwili. Dende hawezi, na katika hilo anafanana na sisi watu: lazima aipate katika chakula. Mwaka 1907 wanasayansi wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha dende nafaka tupu. Dende wakapata kiseyeye, ugonjwa uleule uliowaua mabaharia waliokaa miezi baharini bila mboga wala matunda.

Hapa bondeni Ruzizi jambo hilo linatokea bila sisi kutaka. Mvua ikikatika, tunawapa nyasi za mpunga na maganda makavu ya mahindi. Tumbo linajaa, lakini vitamini C haipo, kwa sababu jua limekwisha kuiharibu. Baada ya wiki mbili au tatu utaona dalili hizi:

- manyoya yanasimama na hayang'ai;
- dende anatembea kwa shida, viungo vimevimba;
- ufizi unatoka damu, vidonda havikauki;
- jike anatupa mimba;
- anakataa kula, anakonda, kisha anakufa.

Ampe kiasi gani?

Dende mkubwa wa gramu 700 anakula karibu gramu 200 za majani mabichi kwa siku. Dende 10 basi wanahitaji kama kilo 2. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni. Majike wenye mimba wahudumiwe kwanza, maana mahitaji yao ya vitamini C ni makubwa zaidi, na mimba inachukua siku kama 68.

Kama majani mabichi ni machache, usiwape siku moja mengi na siku tatu makavu. Vitamini C haikai mwilini kwa muda mrefu. Afadhali kila dende apate konzi moja kila siku, kisha ajazie na nyasi kavu. Hizo kavu nazo zina kazi: meno ya dende hayaachi kukua, na kutafuna ndiko kunayapunguza.

Tutayapata wapi wakati wa kiangazi?

1. Kando ya mifereji ya mpunga majani hayakauki haraka. Lakini usikate mahali palipopigwa dawa ya wadudu.
2. Panda matembele na lengalenga pale unapomwaga maji ya kuoshea vyombo au kunawia. Anza mwezi wa nne au wa tano, kabla ya ardhi kukauka.
3. Moringa ikishashika mizizi inavumilia ukame. Majani yake mabichi yana vitamini C nyingi. Changanya kidogo na majani mengine.
4. Usitupe maganda ya papai wala majani ya nje ya kabichi. Hivyo pia ni chakula cha dende.

Mambo ya kujihadhari

Usikate majani yenye umande na kuyapa palepale. Tumbo linaweza kuvimba. Yatandaze kivulini saa chache, yanyauke kidogo. Usiyaanike juani.

Usibadilishe chakula ghafla. Changanya kipya na cha zamani kwa siku tano hadi saba.

Majani ya avokado, nyanya, viazi mviringo na lantana yana sumu. Majani mabichi ya muhogo mchungu vilevile. Sombe tunaitwanga na kuipika kwanza. Dende hana sufuria.

Weka maji safi kila siku, hasa wakati huu wa joto. Na kama nyumba ya dende inapigwa na jua la mchana, hamisha: dende anaweza kufa kwa joto hata akiwa ameshiba.

Mwisho, usimpe dende kidonge cha ampisilini au amoksisilini kilichobaki nyumbani. Dawa hizo zinaua vijidudu vyema vinavyomsaidia kusaga majani, na dende anaweza kufa ndani ya siku chache. Ukimwona anakula mavi yake laini, usishtuke. Hiyo si njaa wala wazimu. Ndivyo anavyopata lishe iliyopita tumboni mara ya kwanza.

Tufanye nini sasa?

Kila mwanamemba mwenye dende atenge kipande kidogo cha matembele karibu na jiko, hata hatua tatu kwa tatu, kabla mvua haijaisha. Mwenye mbegu ya matembele amkatie jirani asiye nayo. Kisha hesabu dende wako mwanzoni mwa mwezi wa sita na uandike. Mwezi wa tisa uhesabu tena, na ulete namba zote mbili kwenye mkutano. Hapo tutaona wenyewe kazi ya konzi moja ya majani mabichi.