Kazi ya mama, kazi ya baba: mwili umetupa nini, na sisi tumeongeza nini?

Mtu akisimama Mokambo, kwenye mpaka wetu na Zambia, anaona kazi zimegawanywa mbele ya macho yake. Kwenye usukani wa malori ni wanaume, karibu wote. Kando ya barabara, mama mwenye mtoto mgongoni anauza unga wa mahindi uliotoka ng'ambo. Ukiuliza kwa nini, wengi watajibu: ndivyo Mungu alivyowaumba. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini tumelibebesha mzigo mkubwa mno, na mzigo huo unavunja nyumba. Baba aliyekosa kazi anaona haya kupika bukari mke akiwa sokoni. Mke akirudi na pesa, anaambiwa amekuwa mwanaume.

Tuanze na mwili. Mimba na kunyonyesha ni vya mwanamke, na hakuna kikao cha ukoo kinachoweza kuvihamisha. Kwa wastani mwanaume ana misuli mingi zaidi, hasa mikononi na mabegani, kwa sababu ya homoni iitwayo testosteroni inayopanda sana wakati wa kubalehe. Tofauti hizo zilizaa desturi zenye akili. Kwa jirani zetu Wabemba, katika kilimo cha kukata na kuchoma, wanaume walipanda juu ya miti kukata matawi, na wanawake waliyakusanya na kuyarundika. Ni vizuri: mwenye mimba asipande mti.

Lakini kama nguvu ndiyo iliyogawa kazi, mbona maji na kuni hubebwa na mama na binti zake? Hapo si misuli inayosema tena. Ni watu.

Na watu hawakubaliani. Kwa Walamba, wenyeji wa upande huu wa Sakania, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, mjomba ana neno kubwa, na zamani bwana harusi alikwenda kukaa na kufanya kazi kwa wakwe. Kwa Waluba wa Katanga, kaskazini yetu, ukoo hufuata baba na bibi harusi ndiye anayehama. Miili ni ileile.

Hata picha ya baba mwenye mshahara na mama wa nyumbani, ambayo wengi wetu tunaiita desturi ya mababu, ina umri mdogo. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mwanzoni ilileta wanaume peke yao kwa mikataba mifupi. Wengi waliugua, wengi walitoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili mpango: mfanyakazi aje na mke na watoto, posho ihesabiwe kwa jamaa nzima. Wanawake, ambao kijijini walikuwa wakulima wenye ghala, wakafundishwa kambini kushona, kupika na kupamba nyumba. Bibi zetu walijivunia sana vitambaa vile, nami sivicheki. Ila vilitoka kwa kampuni, si katika kitabu cha Mwanzo.

Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Mshahara uliokuwa umemfanya baba kuwa baba ukakatika. Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ni biashara ndogo ya mama iliyolipa shule.

Wengine wanaogopa kwamba mwanaume akibeba mtoto ataharibika. Watafiti walipima jambo karibu na hilo kule Tanzania, pande za ziwa Eyasi, na kutangaza matokeo mwaka 2009. Kwa Wahadza, ambao baba hukaa sana na watoto wadogo, wanaume wenye watoto walikuwa na testosteroni chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga, wafugaji ambao baba hukaa mbali na mtoto mchanga, tofauti hiyo haikuonekana. Maana yake ni kwamba mwili wa baba nao unaonekana kuitika kazi anayopewa nyumbani. Tumezoea kufikiri kwamba mwili huamuru na desturi hutii. Hapa njia inakwenda pande zote mbili. Na Wahadza hao ni wawindaji wa upinde, hakuna anayewaita wanawake.

Sheria pia imesogea. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya tendo la kisheria, hata kuweka sahihi kwenye mkataba. Sheria ya Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Mume amebaki kuitwa kiongozi wa nyumba, lakini sasa wote wawili wanatakiwa kupatana kabla ya kujifunga kwa mkataba. Basi baba anayekopa pesa bila mama kujua naye ana swali la kujibu.