Mbegu ya mahindi isiyoshika kuvu bado iko njiani

Machi 5, 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Katazo lilidumu siku chache, lakini liliacha masharti: mwagizaji asajiliwe, na shehena iwe na cheti kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mfanyabiashara aliyerudishwa na lori zima ana haki ya kuuliza kwa nini watafiti hawatoi mbegu isiyoshika kuvu.

Kazi hiyo ilianza zamani. Mwaka 2008 watafiti wa taasisi ya IITA ya Ibadan, Nigeria, pamoja na wenzao wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, walitangaza aina sita, TZAR101 hadi TZAR106. (TZ hapo si Tanzania.) Hizo si mbegu za dukani, ni wazazi wa kuzalishia mbegu chotara.

Ugumu ni kwamba ukinzani dhidi ya kuvu hii, Aspergillus flavus, hautokani na kinasaba kimoja. Vinasaba ni vingi na kila kimoja huchangia kidogo, hivyo aina iliyofanya vizuri msimu wa mvua inaweza kushindwa msimu wa ukame, ambapo kuvu hushambulia zaidi. Tena mtafiti hawezi kuchagua kwa macho. Punje safi inaweza kuwa na sumu, kwa hiyo hulazimika kuyapandikiza magunzi kuvu kwa makusudi, kisha kuyapima maabara. Ni gharama kubwa.

Ndiyo maana huchagua pia sifa zinazoonekana: kuvumilia ukame, punje ngumu, na maganda yanayofunika gunzi hadi nchani ili wadudu wasipenye. Mnunuzi anayefika shambani anaweza kuiangalia hiyo ya mwisho mwenyewe.

Wakati huohuo ipo Aflasafe, iliyosajiliwa Kenya mwaka 2015 na Tanzania 2018. Ni kuvu za jamii hiyohiyo zisizotoa sumu, ambazo huwahi nafasi ya zile zenye sumu. Humwagwa shambani kilo 10 kwa hekta, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa mbelewele.

Lakini hata mbegu bora haitaokoa mahindi yaliyopakiwa yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5, chini ya turubai lililotoboka, kwenye foleni ya mpakani. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 walikufa, na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu ndiyo yaliyotajwa. Kuyakausha baadaye au kuyapika hakuiondoi sumu.

Sumu hujikusanya katika punje chache, kwa hiyo sampuli ya gunia moja haitoshi. Chota magunia mengi, juu, kati na chini, changanya, ndipo upime, tena kabla ya kulipa. Lori likikataliwa mpakani, hasara ni ya aliyenalo wakati huo.